Tulivyolifunga tela la madaktari wa macho

Mwaka 2011 madaktari wa macho waliokuwa wakizunguka vijiji vya Usambara walinunua karavani kuukuu iliyotoka Afrika Kusini, yaani lile tela lenye chumba cha kulala ndani yake, wakamwomba baba yangu mdogo alivute kutoka Tanga mjini hadi Lushoto. Baba mdogo alikuwa amekula umri wake barabarani na malori ya mkonge yenye matela, na mimi nilikuwa nimetoka kumaliza mafunzo ya ufundi wa magari, kwa hiyo akanichukua niwe msaidizi wake.

Tulipofika uani kwao, Chumbageni, vijana walikuwa wamekwisha kupakia tangu jana yake. Mlango wa tela ulikuwa ubavuni, karibu na nyuma, na kila kitu kizito kilikuwa kimeishia hapo hapo mlangoni: jenereta, makasha ya miwani, kabati la chuma la vifaa. Baba mdogo aliitikia shikamoo zao, akazunguka tela kimya, kisha akasema, "Mmefanya kazi kubwa, wanangu, lakini kabla ya kugusa chochote nataka kujua shingo ina kilo ngapi." Shingo ni ule mkono wa mbele wa tela unaofungwa kwenye gari.

Tuliazima mizani ya kupimia magunia kwenye duka la nafaka la jirani. Tuliliweka tela mahali tambarare, tukazuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma, tukasimamisha kipande cha mbao juu ya mizani na kuishusha shingo taratibu juu yake, kwa kimo kile kile ambacho ingekaa nacho nyuma ya gari. Mizani ilisoma kilo 40. Kijana mmoja alifurahi akasema kumbe tela ni jepesi. "Hapo ndipo penye hatari," baba mdogo alimjibu. "Ni kama mzega wa maji: ndoo ya nyuma ikizidi, mti wa mbele unakunyanyukia." Akaeleza kwamba mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, shingo huinuka na kuipunguzia gari uzito wa nyuma, na mwendo ukikolea tela huanza kuyumba kushoto na kulia, kila myumbo ukiuzidi uliotangulia, mpaka linaichukua gari na kuitupa. Kwa tela la namna ile yeye alitaka shingo ibebe walau sehemu ya kumi ya uzito wote, isizidi asilimia 15.

Lakini uzito wote ulikuwa kiasi gani? Kibati cha kiwandani kilionyesha kwamba tela tupu lina kilo 890 na halipaswi kupita kilo 1,250 likiwa na mzigo. Tulitoa vitu vyote na kuvipima kimoja kimoja, mimi nikiandika daftarini. Vilifika kilo 310, nasi tukaona bado tuko salama. Ndipo baba mdogo alipopiga konzi tangi la maji lililokuwa chini ya sakafu, nyuma ya ekseli. Lilikuwa limejazwa lita 60, na kila lita ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tulikuwa tumekwisha kupita kipimo. Alilifungulia likamwagika lote, kwa kuwa Lushoto maji yapo, na tangi la nusu nalo hakulitaka, maana maji hucheza ndani kila gari inapokata kona.

Upakiaji wa pili aliusimamia mwenyewe. Jenereta ilikaa sakafuni, juu ya ekseli kabisa, ikafungwa kwa mikanda. Makasha ya miwani yalisogezwa mbele kidogo ya ekseli, yakigawanywa kulia na kushoto ili tela lisilale upande mmoja, na makabati ya juu yakaachiwa mashuka na mapazia tu. Tulipopima tena, shingo ilisoma kilo 130 kati ya kilo 1,200, na kiunganishi kiliruhusu hadi 150. Sijasahau uso wake aliposoma namba ile.

Tairi moja lilikuwa na namba 2202 ubavuni, maana yake lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2002. Kashata zake, yaani meno ya tairi yanayokanyaga barabara, zilikuwa nzima, lakini ubavu ulikuwa umeanza kupasukapasuka kwa jua. Yalinunuliwa mapya mawili, Ngamiani.

Kufunga kwenyewe ndiko nilikojifunza zaidi. Alipima kipira cha chuma cha kwenye gari, milimita 50, akakilinganisha na namba iliyochongwa kwenye kikombe cha shingo, kwa sababu kipira kikiwa kidogo hata kwa milimita chache kikombe hukikubali pale uani na kukiachia kwenye tuta. Kikombe kilipokaa na pini ikaingia, hakuridhika kwa macho. Alinipa mkono wa kile kigurudumu cha mbele cha tela kinachoinua na kushusha shingo, akaniambia nizungushe kana kwamba nataka kuling'oa. Nilizungusha mpaka mkia wa Land Cruiser ukanyanyuka pamoja na shingo, springi zikilia, na kikombe hakikuachia. Hapo akasema, "Sasa limefungwa." Cheni mbili alizipitisha chini ya shingo kwa kupishana, ili shingo ikichomoka idakwe nazo isichimbe lami, akaziachia nafasi ya kona bila kuburura. Waya mwembamba wa kuvuta breki ya tela likikatika aliufunga kwenye chasisi ya gari, mbali na kipira. Taa, indiketa na breki ya mkono ya tela tulizimaliza haraka.

Segera tulisimama kukaza nati za magurudumu, kwa kuwa nati za tairi mpya hulegea zikishatembea, na mbili zilikubali robo mzunguko. Baada ya hapo, tukielekea Korogwe kwa mwendo wa 80, basi lilitupita kwa kasi karibu sana. Upepo wake ulilisukuma tela, nikaliona kwenye kioo likienda pembeni. Baba mdogo hakugusa breki wala hakukata usukani. Aliinua tu mguu kwenye mafuta. Tela lilirudi mstarini lenyewe. Nilielewa tulichokuwa tumekihangaikia kutwa nzima na mizani ya magunia.

Kuanzia Mombo tulipanda kwa gia nzito, tukapumzisha injini Soni, na jioni tukafika. Lushoto ni milima mitupu, kwa hiyo kabla hajagusa pini alinituma nikatafute mawe makubwa ya kuzuia magurudumu yote mawili, kisha akakaza breki ya mkono ya tela. Cheni alizifungua mwisho, kikombe kikiwa kimekwisha kuinuka juu ya kipira.