Mzee akitoka hospitali, uliza hili kwanza

Jamani mlio na wazazi huku Marekani, mi kazi yangu ni kuhudumia wazee na kuna kitu kinaniuma sana, familia inamleta mama kwenye nyumba ya kuuguzia wazee (nursing home) katoka hospitali wanadhani Medicare, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, italipa akae pale miaka yote. Hailipi hivyo! Medicare ile ya kawaida inataka awe amelazwa siku 3 mfululizo na bado anahitaji nesi au mazoezi ya viungo, hapo inalipa siku 20 za mwanzo zote, kuanzia ya 21 mnachangia kila siku, ikifika 100 basi imekata. Kuogeshwa na kulishwa mwaka hadi mwaka ni mfukoni kwenu, au Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, nayo inaangalia kipato na akiba ya mzee.

Na muulize hospitali kabisa, amelazwa rasmi au yuko kwenye uangalizi tu? Maana usiku wa uangalizi hauhesabiwi kwenye zile 3 hata kama kalala kitanda kilekile, hapa ndo watu wanalia.

Yale makazi ya mzee kuwa na chumba chake anasaidiwa dawa na kuvaa ni mazuri kweli, ila kodi yake Medicare haigusi. Kumtunza nyumbani je? Majimbo mengi Medicaid inaweza kumlipa mtoto anayemhudumia mzazi, ulizeni jimboni kwenu.

Mwenye mzazi wodini sasa hivi aje inbox kabla hajasaini karatasi yoyote, ntamsaidia maswali ya kuuliza.