Fimbo Yangu Imepinda

Fimbo ninayochezea snuka, mchezo wa kugonga mipira mezani na kuiingiza mashimoni, imepinda. Ukiishika kwenye kitako, ukaiinua usawa wa jicho moja na kulifumba jingine, utaona kwamba mti unakwenda sawasawa hadi kama shibiri mbili kabla ya ncha, kisha unaelemea upande mmoja kiasi cha unene wa ukucha. Wageni wanaofika klabuni kwetu hunieleza jambo hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mwenzake kwamba amekosea vifungo vya shati. Huwashukuru. Kwa miaka minne nilitafuta fimbo isiyo na kasoro hiyo, hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, na ng'ambo ya mpaka, nikatumia fedha ambazo sitazitaja zote kwa sababu mke wangu husoma ninayoyaandika, na mwishowe nikabaki na hii.

Kama vijana wengi wa mji huu, nilianzia kwenye meza ndogo za baa, kwanza Katuba na baadaye Kenya (namaanisha mtaa wetu, si nchi). Huko fimbo ni za wote, na kwa hiyo hazina mwenyewe: zinaegemezwa ukutani mchana kutwa, zinachokorea dari zikihitajika, na baadhi zina ncha za plastiki zinazofungwa kama kizibo. Mchezaji hazichagui kwa uzuri bali kwa unafuu. Hata hivyo nilikuwa nikishinda, na ushindi ule ulinidanganya. Siku nilipopelekwa kwenye klabu yenye meza kamili ya snuka, ambayo uwanja wake una urefu wa mita 3.57 na upana wa mita 1.78, nilitazama mipira 15 myekundu na mingine 6 ya rangi, nikacheza mchana kutwa, na sikuweza kuingiza mipira mitatu mfululizo. Wahenga walimcheka asiyejua kucheza anayeusingizia uwanja ubovu. Mimi uwanja sikuugusa, niliisingizia fimbo.

Kwa hiyo nilikwenda dukani. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa ameleta bidhaa za michezo kutoka Dubai, na miongoni mwake palikuwa na fimbo nyeusi inayong'aa, ya vipande viwili vinavyounganishwa katikati kwa skurubu, pamoja na mfuko wake. Nililipa dola 70, baada ya noti yangu moja kukataliwa kwa sababu ya mchaniko usiozidi punje ya mchele, adha ambayo kila mkazi wa Lubumbashi anaijua. Niliifikisha klabuni kama mtu aliyeleta bibi harusi. Mzee mmoja, ambaye ujanani aliihudumia meza ya snuka katika klabu ya wafanyakazi wa mgodi upande wa Zambia, aliichukua, akaitazama ncha tu, akanirudishia.

“Hii ni ya meza zile za vijana, mwanangu,” alisema.

Alikuwa na haki. Ncha ile ilikuwa na kipenyo cha milimita 13, ambacho kinafaa mipira ya milimita 57 ya puli, mchezo wa meza zile ndogo, ilhali mpira wa snuka una milimita 52.5 na fimbo yake kwa kawaida huishia kwenye ncha ya milimita 9 hadi 10. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi utakapoinama nyuma ya mpira mweupe, ambao ndio pekee unaogongwa kwa fimbo, na kugundua kwamba ncha nene inakufichia mahali hasa unapotaka kupiga. Ukikosea katikati kidogo tu, mpira mweupe huanza kuzunguka bila wewe kukusudia, tena huondoka kwenye mstari uliouchora kichwani, ukikwepa upande wa pili wa pale ulipopiga. Katika meza fupi yenye mashimo mapana kosa hilo husamehewa. Katika meza ya snuka, mpira mwekundu unaosafiri mita mbili na nusu hauna msamaha.

Jambo lililonishangaza nilipoanza kusoma habari za fimbo ni jinsi kanuni za mchezo zilivyo kimya kuzihusu. Zinataka fimbo isipungue milimita 914 kwa urefu na isitofautiane na umbo lililozoeleka, basi. Mengine yote, yaani urefu wa karibu sentimita 147 ambao wengi hutumia, uzito wa gramu 480 hadi 540, mti wa frene (Waingereza huuita ash) wenye mistari au wa erabo (maple) usio na mistari, kitako cha mpingo, kiungo cha katikati au cha robo tatu, yameachiwa mkono wa mchezaji. Mahali palipoachwa wazi kiasi hicho, kila mtu huwa mtaalamu. Klabuni niliambiwa kwamba fimbo nzuri hutambulika kwa kuiviringisha juu ya meza, nami nikaviringisha fimbo za watu mpaka nikachosha. Baadaye nilielewa kwamba kipimo hicho kina udanganyifu wake, kwa kuwa fimbo hupungua unene kutoka kitako hadi ncha, na ile iliyopigwa randa kwa mkono si lazima iwe duara kamili kila mahali. Inaweza kurukaruka mezani huku imenyooka. Jicho moja, mwanga mzuri, na kuizungusha taratibu: hicho ndicho kipimo. Mke wangu aliwahi kunikuta sokoni nikiupima mpini wa fagio kwa namna hiyo.

Kisha ukaja mwaka 2023. Luca Brecel, kijana wa Ubelgiji, alimshinda Mark Selby 18 kwa 15 katika fainali ya dunia na kuwa bingwa wa kwanza kutoka bara la Ulaya, ukiacha visiwa vya Uingereza na Ireland. Tulimfuatilia kwenye simu, kwa hisia zilizochanganyika kama ilivyo kila mara Mbelgiji anapotajwa katika mji huu, ambako Wabelgiji, wakoloni wetu wa zamani, walizoea biliadi yao ya meza isiyo na shimo hata moja. Nilichokiona mimi, hata hivyo, ni mkono uliolegea kabisa na fimbo inayopita katikati ya vidole bila kutikisika. Nikasema moyoni kwamba na mimi nikiipata ya namna hiyo, mambo yatakaa sawa.

Fimbo ya aina hiyo, iliyotengenezwa kwa mkono Ulaya, ilikuwa juu ya uwezo wangu. Nikajiuliza: mji uliozungukwa na miombo unakosaje mti wa kutengenezea fimbo? Nilimwendea fundi seremala wa Kamalondo, mtu mzima ambaye sisi sote tunamwita Papa, nikamwomba anichongee mti wa mbele kwa mulombwa, ambao kwingine huitwa mninga, na kitako kwa kipande cha wenge, mti mweusi mzito, alichokihifadhi tangu alipotengeneza meza ya mteja mmoja. Papa aliugusa ubao wa mulombwa kwa kiganja, akaunusa, akatikisa kichwa.

“Huu muti ungali na maji, mutoto yangu. Ungoje.”

Sikungoja. Ilikuwa mwezi wa Agosti, kiangazi kimekausha hata midomo, na ubao ulionekana mkavu kwangu. Papa alipiga randa kwa siku mbili, akipima kwa kibati alichokitoboa tundu la milimita 10, akilipitisha kwenye ncha na kuondoa unyoya wa mti baada ya mwingine mpaka lilipopita bila kukwama. Ilikuwa kazi nzuri ajabu, na nasikitika kwamba nilimlazimisha kuifanya juu ya mti mbichi. Mvua zilianza Novemba. Ilipofika Krismasi fimbo ilikuwa upinde, imebaki kufungwa kamba tu. Mulombwa husifiwa kwa kutulia ukishakauka, kwa hiyo kosa si la mti wala la fundi. Aidha, kwa sababu ya wenge, fimbo ilikuwa na gramu 640, na nilipoiweka juu ya kidole kimoja kutafuta mahali inapojipima, ilianguka kuelekea kitako kama mtu aliyeshiba.

Kitu kimoja tu kilinusurika katika jaribio hilo, nacho ni pete. Chini ya ncha ya ngozi, fimbo ya snuka huvalishwa pete fupi ya shaba ya njano inayoukinga mti usipasuke kila unapogonga mpira. Nilidhani kwetu, kwenye mji ambao bomba la moshi la mgodi ndilo alama yake, pete ya shaba nyekundu ingetosha na hata kupendeza zaidi. Fundi wa mashine ya kukereza alinicheka. Shaba nyekundu ni laini, alisema, itavimba kwa mapigo. Sharti ichanganywe na zinki ndipo iwe ya njano na kukaza. Tena zinki yenyewe haiko mbali, kwani Kipushi, kilomita kama 30 kutoka hapa, ni mgodi wa shaba na zinki uliofunguliwa mwaka 1924, ukasimama 1993, ukaanza tena kutoa zinki mwaka 2024. Alinikerezea pete kutoka kwenye kipande cha bomba kuukuu. Sijui madini yake yalichimbwa wapi, lakini huwa napenda kudhani kwamba hayakusafiri sana.

Fimbo yangu ya sasa niliipata Zambia. Nilikuwa nimevuka mpaka wa Kasumbalesa kwa shughuli nyingine, nikafika hadi Kitwe, na huko mtu aliyeacha kucheza aliniuzia kwa dola 35 fimbo ya frene ya kipande kimoja, nyeusi kwa jasho la miaka mingi, yenye kitako cha mpingo ambacho vilele vyake, yaani ncha za mpingo zinazoingia kwenye mti wa frene, ni vya mviringo. Vilele vya mviringo ni ishara ya kazi ya mkono. Fimbo iliyounganishwa kwa mashine huwa na vilele vikali kama mikuki. Nilikiona kipindo palepale. Niliinunua kwa sababu ya vilele, na kwa nia ya kuiuza nikishapata iliyonyooka.

Wiki tatu nilicheza nayo vibaya, na kila mpira uliokosa niliutia kwenye hesabu ya kipindo. Ndipo yule Mzee aliponiomba fimbo. Safari hii pia hakuutazama mti. Alisugua ncha kwa ukucha, akanionyesha: ngozi ilikuwa imebonyea pembeni na kufunika pete kama kofia ya uyoga, juu imekuwa ngumu na inang'aa, haishiki chaki hata kidogo. Ngozi hiyo ndogo ndiyo iliyougeuza mchezo mzima tangu Mfaransa François Mingaud alipoanza kuifunga kwenye fimbo yake mwanzoni mwa karne ya 19, kwani mti mtupu huteleza usipoupiga mpira katikati kabisa, na mpira hauwezi kurudishwa nyuma wala kuzungushwa kwa uhakika.

Mzee aliing'oa kwa wembe. Akaisawazisha pete juu ya msasa uliolazwa mezani, akiishikilia fimbo wima na kuizungusha polepole. Alitoa mfukoni ncha ya buluu aina ya Elkmaster, akakwaruza tumbo lake, akaweka tone moja la gundi, akaibandika na kuikandamiza huku akihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. Baada ya nusu saa alikata kilichozidi pembeni, akauchonga mgongo wake kwa msasa mpaka ukawa kuba, akailowesha kingo kwa mate na kuisugua kwa karatasi hadi ikawa laini. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliizungusha fimbo mpaka kipindo kikaelekea juu badala ya kushoto, akaonyesha mistari ya frene iliyo mfano wa mishale, akasema mshale huu uwe unatazama dari kila unapoinama. Fimbo iliyopinda kwenda juu na chini jicho huiona imenyooka. Iliyopinda kwenda kando ndiyo inayokudanganya, hasa ikiwa leo umeishika hivi na kesho vile.

Jioni ile nilifikisha pointi 31 mfululizo, idadi ambayo mchezaji wa kulipwa angeionea aibu, nami nilimpigia simu yaya wangu, ndugu yangu mkubwa, kumtangazia.

Nimesoma habari za Stephen Hendry, aliyetwaa ubingwa wa dunia mara saba kati ya 1990 na 1999 kwa fimbo aliyonunuliwa utotoni kwa pauni 40, na ambayo ilivunjika mwaka 2003 katika mizigo ya ndege. Klabuni habari hiyo hutajwa kuthibitisha kwamba bei haina maana. Mimi naona inathibitisha jambo jingine: kwa miaka mingi hivyo, hakuizungusha vibaya hata siku moja, kwa maana mkono ulikwisha kuijua. Fimbo yangu nimekuwa nayo mwaka wa pili sasa. Huifuta kwa kitambaa kikavu, huipaka mafuta ya kitani kiangazi kinapoanza, na wakati wa mvua huilaza badala ya kuiegemeza ukutani.

Vipande vya ile ya mulombwa viko kwa Papa. Ameniambia kwamba kitako cha wenge kitatosha mipini miwili ya patasi, na ubao mwingine wa mulombwa ameupandisha juu ya dari ya karakana, akaandika tarehe kwa penseli. Kila nikipita hapo huuliza kama umekauka, naye hujibu kwamba bado.