Zile 3-3 za Oktoba 2013 zilipatikana dimba la kati

Kila mechi ya watani inapokaribia, kijiwe chetu cha kahawa hapa Temeke hurudi kwenye mechi ileile: Simba na Yanga, Jumapili ya tarehe 20 Oktoba 2013, Uwanja wa Taifa. Yanga walikwenda mapumziko wakiongoza 3-0. Mpira ukaisha 3-3. Matokeo hayana ubishi. Ubishi uko kwenye sababu, na kwa kuwa kijiweni mtu hamalizi sentensi kabla hajakatwa kauli, nimeamua kuandika.

Wapo wanaosema ni moyo. Mzee wetu mmoja, fundi cherehani, Simba wa damu tangu timu ikiitwa Sunderland, anaamini wachezaji waliambiwa maneno mazito chumbani wakatoka wakiwa watu wengine. Shemeji yangu ni Mwananchi wa Jangwani, yaani Yanga, naye ana lake: "Shemeji, sisi tulilala wenyewe. Msijipe sifa." Na dereva wa bodaboda wa pale kona, ambaye mwaka ule alikuwa bado shule ya msingi, anaitaja kamati ya ufundi, yaani mambo ya waganga, kwa sauti ya chini, na kila mtu anajua kamati hiyo haina ufundi wowote wa mpira.

Mimi nilikuwa uwanjani, jukwaa la juu nyuma ya goli. Pale juu sura ya mchezaji huioni vizuri, lakini unaona timu ilivyojipanga, nani yuko mbali na nani, na uwazi uko wapi. Nilichokiona ni kwamba mechi ile ilibadilika kwa sababu kocha alibadilisha watu wa kati. Moyo ulikuja baadaye, baada ya miguu kupata mpira.

Nianze na kipindi cha kwanza, maana asiyekielewa hawezi kuelewa cha pili. Sisi Simba tulikuwa na washambuliaji wawili mbele, Amisi Tambwe na Betram Mwombeki. Tambwe mkali wa kunusa mpira ndani ya boksi, Mwombeki mwili mkubwa. Kwenye karatasi ni pacha nzuri. Lakini washambuliaji wawili wanahitaji watu wa kuwafikishia mpira, na siku ile, dakika zile 45, kiungo wetu Jonas Mkude alikuwa anakimbiza vivuli. Frank Domayo na Athumani Idd 'Chuji' wa Yanga walikuwa wanapokea mpira wakiwa wamegeuka tayari kuangalia goli letu. Kwa kiungo, hilo ndilo jambo la hatari kuliko yote. Kiungo aliyepokea akiwa amelipa mgongo goli la mpinzani unaweza kumkaba. Aliyekwisha kugeuka anachagua mwenyewe pa kukuumizia.

Mrisho Ngassa akafunga la kwanza dakika ya 15. Ngassa huyohuyo, aliyecheza kwetu msimu uliotangulia! Hamis Kiiza akaongeza la pili dakika ya 36, halafu la tatu kipindi kikielekea ukingoni. Mabeki wetu wa kati, Joseph Owino wa Uganda na Gilbert Kaze wa Burundi, walilaumiwa sana na watu wa karibu yangu pale jukwaani, na sikubaliani nao hata leo. Beki wa kati anayefikiwa na watu watatu kwa kasi, mbele yake hakuna aliyewapunguza, atafanya nini? Aende kwa nani? Ukiongeza mipira mirefu ya kurusha ya Mbuyu Twite wa Yanga, ambayo ilikuwa kama kona, basi ilikuwa ni kuzima moto tu.

Wakati wa mapumziko hofu yetu ilikuwa na namba. Tarehe 6 Mei 2012 tuliwafunga Yanga 5-0, mkono mzima, na kwa mwaka mmoja na nusu hawakupumzika kusikia habari hiyo. Sasa wako mbele matatu na dakika 45 zimebaki. Upande wao walikuwa wanainua vidole vitano. Upande wetu watu walikuwa wanashuka ngazi kwenda zao, na siwalaumu. Mkono ule kama ungelipwa siku ile ungetusindikiza mpaka nyumbani, kazini, msibani, kila mahali. Mimi nilibaki kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa kwenye benchi letu.

Kocha wetu, Abdallah Kibadeni. Kwa vijana mnaosoma: tarehe 19 Julai 1977 Simba iliifunga Yanga 6-0, na Kibadeni peke yake alifunga matatu. Yanga walikuwa wametufunga 5-0 mwaka 1968, kwa hiyo sita zile zilikuwa jibu la kizazi kizima. Mtu aliyewahi kuwafanyia Yanga jambo hilo kwa mguu wake mwenyewe hawezi kuiogopa jezi ya njano na kijani. Msaidizi wake alikuwa Jamhuri Kihwelo 'Julio', mtu wa maneno mengi, na hapo ndipo mzee wetu wa cherehani anapopata hoja yake ya maneno mazito. Sawa, maneno yalisemwa. Lakini Kibadeni alifanya na jambo jingine, na hilo lilionekana kwa macho.

Aliwaingiza Said Ndemla na William Lucian 'Gallas'. Vijana wawili waliolelewa Simba B, kikosi chetu cha vijana, timu imelala tatu bila, mbele ya uwanja wa watu 60,000. Kocha mwoga angemwingiza mshambuliaji wa tatu apige mipira mirefu akiomba Mungu. Kibadeni aliwaacha Tambwe na Mwombeki palepale walipokuwa, akatengeneza njia ya kuwafikia.

Ndemla ni mchezaji wa mguu laini. Kazi yake ya kwanza, tangu dakika ya 46, ilikuwa kuomba mpira. Basi. Alikuwa anasogea karibu na Mkude, anapewa, anarudisha, anapewa tena. Kwa mtu anayetaka mabao hii inachosha kuitazama, na jirani yangu pale jukwaani alikuwa anapiga kelele "Mbele! Mbele!" Lakini kila pasi ya namna ile ilikuwa inamvuta mtu wa Yanga hatua moja kutoka pale alipokuwa amesimama kipindi cha kwanza. Chuji akitoka kumfuata Ndemla, nyuma ya Chuji kunabaki pengo. Domayo akiziba pengo lile, pembeni kunabaki nafasi. Ndani ya dakika chache mpira ukaanza kufika kwa winga wetu Ramadhani Singano 'Messi' akiwa na beki mmoja tu mbele yake, na Singano na beki mmoja ni mchezo mwingine kabisa. Gallas naye alileta miguu mipya na ukabaji. Mipira ya pili, ile inayodondoka baada ya vichwa kugongana, ikaanza kuwa yetu.

Kwa mfumo wa namba, ilibaki 4-4-2: mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu siku hizi kila mtu kijiweni ni mtaalamu wa 4-2-3-1 na 3-5-2, kana kwamba namba ndizo zinazocheza. Namba zilikuwa zilezile. Kilichobadilika ni umbali kati ya mtu na mtu. Kipindi cha kwanza kati ya Mkude na washambuliaji wetu pangeweza kupita daladala. Cha pili, Tambwe aliweza kurudi hatua kumi akakuta mtu wa kubadilishana naye pasi.

Dakika ya 54, Mwombeki. Dakika ya 58, Owino. Mabao mawili ndani ya dakika nne! Watu waliokuwa wamefika kwenye mageti ya nje walisikia ule mlio na wengine wakajaribu kurudi ndani.

Shemeji hapa huwa ananiambia: "Umeona? Dakika nne. Hiyo ni kulala, siyo mfumo." Nami humjibu hivi. Bao la kwanza ni la mchezo wa wazi, limetoka kwenye zile nafasi nilizozieleza. Lakini tazama la pili na la tatu wamefunga nani: Owino na Kaze, mabeki wa kati wote wawili, walewale waliotukanwa kipindi cha kwanza. Beki wa kati hafungi akiwa amebaki nyuma kuzima moto. Anafunga kwa sababu timu yake inapata kona na mipira ya adhabu mbele, naye ana muda wa kupanda. Na timu haipati kona na mipira ya adhabu kama mpira hauko nusu ya mpinzani. Yanga wangekuwa wamelala tu bila sisi kuwasukuma, Owino angebaki kwenye boksi letu mpaka filimbi. Mabao mawili ya mabeki ndiyo ushahidi wangu mkubwa, na mpaka leo shemeji hajaupatia jibu zaidi ya kuagiza kahawa nyingine.

Nakubali kitu kimoja kwa upande wa Wananchi. Kati ya bao la pili na la tatu kulikuwa na dakika karibu 27, na katika muda ule Yanga walipata nafasi ya kutulia. Ernie Brandts, kocha wao Mholanzi, alikuwa na kikosi cha mabingwa watetezi, chenye Nadir Haroub 'Cannavaro' na Kelvin Yondani nyuma. Timu ya namna hiyo ikiwa mbele 3-2 inapaswa kuweka mpira chini na kuwachosha vijana. Badala yake walirudi nyuma, mstari baada ya mstari, wakawa wanaondosha tu. Kila walipoondosha, mpira ulikuwa unarudi kwa Mkude na Ndemla. Kurudi nyuma mbele ya timu iliyokwisha kuipata kati ni kuikaribisha sebuleni.

Dakika ya 85, Kaze. Sina maneno ya kuieleza ile sauti. Nilikumbatiwa na mtu ambaye sikuwahi kumwona kabla, na sikumwona tena baada ya hapo. Mwanamke mmoja mbele yangu alikuwa amekaa chini kabisa, kanga usoni, akilia.

Ninaipenda mechi ile pia kwa sababu ya nani walikuwa uwanjani. Kiiza na Owino, Waganda wawili, kila mmoja amefunga upande wake. Kaze na Tambwe wa Burundi kwetu, Didier Kavumbagu wa Burundi kwao. Golini kwetu alikuwa Abel Dhaira, Mganda mrefu, mpole. Matatu yale ya kipindi cha kwanza yaliingia kwake na watu wakamsema vibaya, ila kipindi cha pili nyavu zake hazikuguswa, na hilo halitajwi kabisa. Dhaira alifariki Machi 2016 huko Iceland kwa saratani, akiwa bado kijana. Mungu amrehemu. Tunapohesabu mashujaa wa siku ile, naye ahesabiwe.

Sare ile haikumwokoa mtu. Kabla mwaka haujaisha Kibadeni na Julio walikuwa wameondoka, akaja Zdravko Logarusic. Brandts naye akaonyeshwa mlango Jangwani baada ya tarehe 21 Desemba, tulipowafunga 3-1 kwenye mechi maalumu ya Nani Mtani Jembe. Ubingwa wa msimu ule ukaenda Azam, bila kupoteza mechi hata moja, Yanga wa pili, Mbeya City wa tatu, sisi wa nne. Tambwe alimaliza mfungaji bora kwa mabao 19, halafu mwishoni mwa mwaka 2014 tukamwacha aende Yanga, akaenda kuchukua kiatu kingine cha ufungaji bora kwa mabao 21. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo anayetafuta maana ya mechi ile kwenye msimamo wa ligi hataikuta. Ilikuwa pointi moja. Ninachokitetea mimi ni heshima ya kazi aliyoifanya Kibadeni kwenye zile dakika 15 za mapumziko. Tukisema ni moyo peke yake, tunamfanya kocha mzee wa Kitanzania aonekane mhamasishaji wa kupiga makofi, wakati alisoma mchezo, akaona tatizo lilipo, akawaamini watoto wa Simba B kulitatua mbele ya mtani. Angekuwa na jina la Kizungu tungekuwa tunafundishana mabadiliko yale mpaka leo.

Nina ombi moja. Vipande vinavyozunguka kwenye simu ni vya mabao sita tu, na kwenye mabao sita humuoni Ndemla akiomba mpira. Kama kuna mtu aliyerekodi dakika zote 90, na hasa kuanzia ya 46 mpaka ya 54, naomba aniandikie hapo chini. Nitakuja na flashi yangu popote ulipo Dar es Salaam, na kahawa ya kijiwe kizima siku tutakayoitazama pamoja ni juu yangu, ya shemeji ikiwemo.