Mswada Wangu Ulihaririwa na Wachuma Kahawa

Aliyenishauri "weka misamiati mizito, kitabu kiwe na hadhi" alinipotezea msimu mzima. Mhariri huyo wa Arusha, jina nalihifadhi, alikula laki mbili na ushee, akanirudishia mswada umejaa "aidha" na "hata hivyo" kama risala kwa mgeni rasmi. Nilizifuta zote.

Kitabu kinahusu kahawa ya Kilimanjaro: chama cha wakulima wa kahawa KNPA cha 1925, chama kikuu cha ushirika KNCU cha 1933, vyama vya ushirika kuvunjwa 1976, mpaka leo watu wanapong'oa mibuni wapande parachichi. Kuandika hakukunisumbua. Kusahihisha ndiko kulikonitoa jasho, maana ukurasa ukishausoma mno, macho yanaruka yenyewe.

Dawa niliipata kihambani kwangu, yaani shamba la nyumbani, Kibosho. Nilimrekodi mpwa wangu akisoma sura zote, simu nikaitundika kwenye tawi la mti wa kahawa, sauti juu, vibarua wakichuma. Niliwaambia ni kipindi cha redio. Ningesoma mimi mwenye shamba, nani angethubutu kupiga miayo? Na palipomwishia mpwa pumzi, sentensi nilikata vipande viwili bila kujadiliana na mtu.

Wakinyamaza, sura ina uhai. Wakianza habari za harusi ya fulani, natazama dakika kwenye simu, jioni naitafuta sehemu hiyo kwenye karatasi na kuichora msalaba. Sura ya reli ndiyo iliyonivunja mbavu. Reli ilianza kujengwa Tanga 1893 ikafika Moshi 1911, nami niliisimamisha kila kituo. Mama mmoja akatua debe chini: "Meku, hiyo treni haijafika tu? Mwenzio niko debe la pili!" Kurasa kumi na kitu zikabaki mbili.

Mama huyohuyo, siku nyingine: "Huyo wa redio anasema wakulima walilipwa. Walilipwa akina baba! Mama yangu alichuma, akaanika, hela yake ikawa ya ndizi." Mhariri wa laki mbili alipita hapo bila kukohoa. Nikaenda kuwauliza bibi zetu, nikaandika sehemu mpya, na bila haya nasema ndiyo tamu kuliko zote.

Mwishoni niliuchapisha mswada kwenye stesheneri pale Moshi mjini, herufi kubwa kuliko nilizozoea kwenye kompyuta. Makosa yaliyojificha yakajitokeza yenyewe. Miaka na majina nilivihakiki peke yake, sentensi sikuzigusa. Ukichanganya kazi hizo mbili utakosa zote. Na ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, inayotolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, iombeni mapema, msingoje mchapaji awe ameshawasha mashine.

Gharama? Ujira wa debe ningeulipa vyovyote vile. Nyongeza ilikuwa chai na mihogo. Mpwa bado ananidai.