Nukta za Virgil Finlay na karatasi zetu za bei rahisi

Wachoraji wa vijitabu vya hadithi hapa Mwanza wana kilio kimoja: picha inapendeza mezani, ikichapwa inakuwa doa. Mara nyingi mchapaji hana kosa. Mchoro ndio haukuijua karatasi.

Mchoraji Virgil Finlay aliijua. Alizaliwa Rochester, New York, 1914, na michoro yake ikaanza kutoka Desemba 1935 katika Weird Tales, jarida la Marekani lililochapwa kwenye karatasi duni ya mbao iliyosagwa, inayokunywa wino kama mchanga. Mtambo ulichapa jeusi au ukaacha tupu, kwa hiyo kijivu chote alikitengeneza kwa mkono, kwa nukta nyeusi. Alichovya nibu nyembamba, akagusisha tone tu, akaifuta nibu, akachovya tena. Hivyo kwa kila nukta! Ncha ikikwaruza, nyuzi za karatasi huinuka na wino hutambaa. Nibu isipofutwa, wino hugandia na nukta ya kumi hailingani na ya kwanza.

Kazi hiyo ilikula muda, na malipo yalikuwa kwa picha, si kwa saa. Mwaka 1953 alipata Tuzo ya Hugo, ya hadithi za kubuni za kisayansi, lakini majarida yale yalikuwa yanakufa. Baadaye akachorea ya unajimu. Alifariki 1971.

Sasa chora dagaa walioanikwa. Mng'ao ni karatasi tupu: banza nukta mgongoni, ziachanishe kuelekea tumboni, na mstari wa tumbo usiuchore kabisa, jicho litaumalizia. Picha ya sentimita 10 ichore kwa 15, kisha ipunguzwe wakati wa kuchapa. Nukta ya milimita 0.3 itatoka 0.2, na ndogo zaidi ya hapo hupotea kwenye fotokopi. Pengo lisipungue nusu ya upana wa nukta. Ukitaka giza zaidi, jaza jeusi kwa brashi, kisha rudishia mwanga kwa kalamu ya wino mweupe. Finlay alikwangua kwa ncha kali, ila ubao wake ulipakwa udongo mweupe. Manila ukiikwangua inatoa manyoya.

Skani kwa nukta 600 kwa inchi, nyeusi na nyeupe tupu. Ukihifadhi kijivu, mashine itapanga nukta zake juu ya zako na mawimbi yatatokea.

Masika manila hufyonza unyevu wa ziwa usiku kucha. Itunze ndani ya nailoni, na kabla ya kuanza piga nukta 20 pembeni. Zikiota miguu, yaani wino ukitambaa, ianike kwanza.