Mama Ngina kwa Mkaazi na kwa Mgeni

Sisi tunaoishi kusini mwa kisiwa cha Mombasa, karibu na bustani ya Mama Ngina, ambayo wengi bado huiita Laithausi, tunaijua kwa nyakati ambazo wageni hawazioni. Mgeni huja Jumapili jioni au sikukuu ya Idi, akakuta familia zimeenea kila mahali. Mkaazi huijua siku za kazi, baada ya sala ya alfajiri, wakati wazee wanapotembea taratibu chini ya mibuyu na meli ya makontena inapoingia mlango wa Kilindini, karibu kiasi cha kuwaona mabaharia sitahani.

Ukarabati wa mwaka 2019, mwaka ambao sherehe za Siku ya Mashujaa ziliandaliwa papa hapa tarehe 20 Oktoba, ulituletea njia pana za kutembelea na viti vya kupumzikia, na kwa maoni yangu umewafaa zaidi akina mama wenye watoto wadogo. Hata hivyo, kinachowavuta watu ni kile kile cha zamani: upepo, bahari na muhogo wa kuchoma. Muuzaji huupasua muhogo katikati ukiwa bado na moto, akaupaka chumvi na pilipili kwa kipande cha ndimu, akaukabidhi ndani ya karatasi. Anayemaliza maji ya dafu hupasuliwa dafu hilo, akachongewa kijiko kwa kumbi lake lenyewe, ale nyama yake laini. Makumbi hayo na karatasi hizo ndizo tunazozikuta Jumatatu asubuhi zimetupwa mwambani, jambo linaloniumiza sana, kwa kuwa maji yakijaa huzoa kila kitu.

Ninalowaomba wageni zaidi ya usafi ni tahadhari. Wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, mawimbi huupiga mwamba kwa nguvu, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda kwa zaidi ya mita 3, hivyo jiwe lililokuwa kavu wakati wa kupiga picha huweza kuzungukwa na maji kabla hujatanabahi. Vijana wa bara, ambao hawakulelewa na bahari, ndio ninaowahofia zaidi. Anayetaka kushuka na amuulize kwanza muuza madafu kama maji yanakupwa au yanajaa, kwani yeye hushinda hapo kutwa na atamjibu kwa moyo mkunjufu.