Siku mwanangu alipoingia kwa daktari

Baada ya kutolewa tezi dume kwa ajili ya saratani, mkojo haukunitii tena. Nikikohoa unatoka, nikiinuka kwenye mswala unatoka. Mimi mtu wa Kibokoni, Mombasa, mkaa barazani, nikaanza visingizio: leo mguu, kesho mafua. Kanzu nyeupe niliziacha kabatini.

Upasuaji nilifanyiwa India, na sina mengi ya kuusimulia maana nilikuwa nimelala. Mkanda wa kuegemeza njia ya mkojo ni wa wanaovuja kidogo. Mimi nilikuwa nalowa. Nikawekewa pete laini inayoibana njia yenyewe, kifuko cha maji tumboni, na pampu ndogo kwenye mfuko wa korodani, vyote vimeunganishwa kwa mipira myembamba kuwa chombo kimoja cha kuzuia mkojo. Nikarudi Mombasa kimezimwa, kidonda kipone kwanza. Wiki sita za nepi zile zile! Hizo zilinichosha kuliko kisu.

Siku ya kukiwasha, mwanangu mkubwa alinipeleka kliniki, akabaki nje kwenye benchi. Daktari akaibinya pampu kwa nguvu, nikauma meno. "Haya, sasa wewe, mzee." Nikaipapasa, nikaibinya mara kadhaa mpaka ikalainika: maji yameiacha pete, yameingia kifukoni, njia iko wazi. Nikaenda msalani nikakojoa kwa hiari yangu. Baada ya dakika chache maji yakarudi yenyewe, pete ikajifunga.

"Kohoa." Nikakohoa. Kukavu.

"Kohoa tena." Nikakohoa hadi nesi akachungulia.

Kisha daktari akasema, "Muite mwanao."

"Wa nini?"

"Siku ukianguka ukapelekwa hospitali hujijui, wakikutia mpira wa mkojo bila kukizima, watakuumiza njia. Lazima watu wa nyumbani wajue."

Kwetu mtu hazungumzii utupu wake mbele ya mwanawe. Kijana akaingia, macho sakafuni, mpaka daktari alipomwekea mezani mfano wa kile chombo. Ni makanika huyu. Akakigeuza, akaibinya pampu.

"Kumbe ni kama breki tu! Ikivuja?"

"Anapasuliwa tena, tunabadilisha."

"Na hudumu miaka mingapi?"

"Wengine hufika 10, wengine huharibikiwa mapema."

Akaomba kadi yangu ya kile chombo, akaipiga picha kwa simu. Hatujafika garini, ameshawatumia mamake na dada zake wote.